Fundi Anajibu: Stesheni wagoni imekosa nini?

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kwamba nikiambiwa nichague gari moja la kuendesha mpaka uzeeni, nitachagua stesheni wagoni, lile gari la bodi ndefu ambalo paa lake linakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Nilidhani nimesema jambo dogo. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kwa wingi kuliko tulipozungumzia bei ya petroli. Nimezisoma zote kwenye benchi la gereji yangu hapa Majengo, Mombasa, na hizi ndizo nilizochagua kuzijibu leo.

*Assalaam aleikum Fundi. Ninaishi Mtwapa, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11. Kwa miaka 6 nimeendesha Toyota Fielder na haijawahi kuniacha njiani. Sasa nyumbani hatuelewani. Mke wangu anataka tuiuze tuchukue gari la juu, X-Trail au RAV4. Anasema masika njia yetu ya ndani hujaa maji, na kwamba akiwa juu anaona mbele na haogopi malori. Kaka zangu nao wanasema stesheni ni gari la kubebea mayai, si la mtu mwenye familia. Nisaidie. – Baba Watatu, Mtwapa*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na mkeo, maana hoja zake zina uzito. Za kaka zako nitazifikia.

Maji kwanza. Tafuta futi ya seremala na kijiti kirefu. Mvua kubwa ikikatika, chomeka kijiti pale maji yanaposimama kwenye njia yenu, utie alama, kisha urudi nacho nyumbani ukisimamishe kando ya gari. Usiangalie tairi wala mlango. Fungua boneti, ufuate bomba la hewa kutoka kwenye boksi la chujio mpaka kwenye mdomo wake. Mdomo ule ndio unaoamua kama gari litapita au litazimika. Maji yakiingia pale, pistoni hukutana na kitu kisichobanika, na konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, hupinda. Mwaka huu nimefungua injini mbili zilizokunywa maji. Moja ilikuwa ya saluni, yaani gari la chini lenye buti iliyotengwa nyuma. Ya pili ilikuwa ya gari la juu, na mwenyewe aliniambia kwamba aliyaingia maji yale kwa sababu aliamini yuko juu. Ni kweli kiti chake kilikuwa juu, lakini mdomo wa bomba ulikuwa chini ya alivyodhani.

Jambo la pili ni tumbo la gari. Paa kuwa juu hakumaanishi tumbo nalo liko juu. Nendeni wote wawili yadi ya magari, mpige magoti mbele ya gari analolipenda, kisha mbele ya Fielder yenu, mtazame ni kitu gani kinaning'inia chini kabisa. Tofauti ipo, siifichi, na kwa njia yenye mashimo makubwa inaweza kutosha kuamua. Ila mkiwa mmepiga magoti hapo, tazameni pia kama kuna difu nyuma, ile gia inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ziko X-Trail na RAV4 zinazovutwa na magurudumu ya mbele tu, na ziko Fielder zinazovutwa na yote manne. Watu wengi hununua umbo la gari la matope wakidhani wamenunua na uwezo wake.

Kuhusu kuona mbele, mkeo anasema kweli. Mwanamke anayeendesha usiku na watoto nyuma, kati ya malori ya barabara ya Malindi, ana haki ya kutaka kujisikia salama, na nakuomba usilidharau neno lake hilo. Nitaongeza upande wa pili tu. Gari ambalo uzito wake umepanda juu hulala zaidi kwenye kona, na dereva akikata usukani ghafla kukwepa mtu au mbuzi, ni rahisi zaidi kupinduka kuliko lile la chini. Marekani, baada ya ajali nyingi za namna hiyo, serikali ilianza kuyapa magari mapya alama za uwezekano wa kupinduka kuanzia matoleo ya 2001. Siku hizi kuna mfumo wa kielektroniki unaofunga breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza, na umepunguza sana hatari hiyo. Mkinunua gari la juu, msikubali lisilokuwa nao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hamkuniuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike ile sentensi ya mwezi uliopita.

Mwaka 1994 mama yangu alivunjika nyonga. Hospitali ilimruhusu atoke, lakini hakuweza kukaa, na fedha ya ambulansi hatukuwa nayo. Baba alikuwa na Peugeot 504 stesheni, ile ya safu tatu za siti, aliyokuwa akipakia abiria wa Malindi. Nilifungua boliti za siti ya kati na ya nyuma, nikazitoa zote, tukatandika godoro la sufi kuanzia mgongoni mwa siti ya dereva mpaka mlango wa nyuma. Wauguzi walishika shuka pembe nne wakampitisha mlango wa nyuma akiwa amenyooka. Hawakulazimika kumwinua zaidi ya usawa wa paja, kwa sababu sakafu ya gari lile ilikuwa chini. Dada yangu alikaa ubavuni mwake amemshika bega. Tulikuwa tunampeleka kwao Takaungu. Alilala chali akitazama vilele vya minazi vikipita kwenye kile kioo kirefu cha ubavuni, na alitaja vituo kabla mimi dereva sijavifikia: Kikambala, Vipingo. Kila penye shimo alisema, "Hapa taratibu mwanangu," na shimo likatokea. Barabara ile aliijua kwa mgongo wake. Tulifika bila kumsikia akilia hata mara moja.

504 stesheni ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na gurudumu la nyuma lilikuwa mbali na la mbele kwa mita 2.90, wakati kwenye saluni yake ni mita 2.74. Ndiyo maana haikurusha. Nilijua hesabu hizo tangu nikiwa spana boi, lakini siku ile ndipo nilipoelewa ni za nini.

Magari mengi ya juu ya leo hayakubali kazi ile. Kizingiti cha buti kiko karibu na kiuno, siti zikilazwa zinaacha kilima katikati, na paa la nyuma limekatwa mteremko kwa ajili ya sura. Ukisimama ubavuni unaona gari kubwa, ukifungua nyuma unakuta mahali pa masanduku mawili.

Kaka zako wanasema stesheni ni ya mayai. Mtu anayebeba mayai ameweka mtaji wake wote juu ya gari lisilomvunjia trei. Mimi sioni aibu hapo, naona mtu aliyepima.

Ushauri wangu ni huu. Pima maji. Yakiwa chini ya mdomo wa bomba kwa shibiri mbili, baki na Fielder, uibadilishie shoki na bushi za mbele, na umpe mkeo aiendeshe yeye zaidi kuliko wewe. Yakiwa juu ya hapo, mkeo ameshinda kwa haki, na umtafutie gari la juu lenye difu ya nyuma. Kabla ya kulipa, pakieni kila kitu mnachobeba mkienda kwenu Idi, na watoto watatu wakae siti ya nyuma na mikanda yao. Mlango ukifunga, chukueni.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Babu hunisimulia Peugeot za stesheni kama anayesimulia watu wa ukoo, na mimi sijaona barabarani hata moja inayotembea. Kwa nini gari liliitwa stesheni, na hizo Peugeot zilikwenda wapi? – Mjukuu, Voi*

Marahaba mwanangu. Jina limetoka kwenye stesheni ya gari la moshi, kama unavyolisikia. Marekani ya miaka ya 1910 na 1920, msafiri alishuka kwenye treni na masanduku yake, na nje palingoja gari la kumpeleka hotelini au shambani. Gari hilo lilikuwa kazi ya seremala. Walichukua chesesi, yaani fremu ya chini ya gari, nyingi za Ford Model T, wakajengea juu yake bodi ya mbao yenye mabenchi na nafasi ya mizigo. Mwaka 1929 Ford wenyewe walianza kuuza la namna hiyo juu ya Model A. Mbao ziliendelea mpaka baada ya Vita vya Pili. Willys walipotoa la chuma kitupu mwaka 1946, kazi ya seremala ikaanza kuondoka kwenye gari, lakini jina likabaki. Na wewe ukifika Mombasa kwa reli mpya ya 2017 ukashuka Miritini, angalia nje magari yanayongoja abiria wenye mabegi. Utakuta Probox na Fielder zinafanya kazi ileile iliyozipa jina.

Babu yako ana sababu ya kuzisimulia Peugeot hivyo. 404 ilishinda Safari Rally mara 4, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye barabara zetu hizi za vumbi na tope. Hizo zilikuwa saluni, lakini mwananchi aliyeona gari linatoka kwenye tope la namna ile aliamini jina lote. 504 ilipokuja ikashinda 1975 na 1978. Stesheni yake ilitoka Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye 504 zikawa zinaunganishwa hapahapa Mombasa. Spea zilikuwepo kila duka. Baba alipakia abiria 7 kwenda Malindi, na kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991, walishuka wote kwenye feri, wakanunua korosho, wakapanda tena. Kila mtu alikuwa na siti yake. Hakuna aliyesimama wala aliyebebwa mapajani, ila mtoto.

Zilikwenda wapi? Zilimezwa na hesabu. Matatu ya Nissan au Hiace ya siti 14 inabeba mara mbili kwa dereva mmoja. Kisha miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, bei yake ikiwa chini mno kuliko gari jipya lililounganishwa hapa. Sheria za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kazi 2004, kila gari la abiria lilitakiwa mikanda na kidhibiti mwendo, na mwenye Peugeot ya miaka 20 akaona gharama inazidi gari lenyewe. Ya baba aliiuza 2005 kwa mtu wa vyuma chakavu. Nilifungua mkono wa mlango wa nyuma kabla haijaondoka. Uko kwenye droo yangu ya spana, na chuma chake kimelika upande mmoja kwa vidole vya baba.

*Fundi, mimi ni mfanyabiashara wa nyanya na vitunguu. Probox yangu ni baraka. Siku za wiki inabeba kreti, Jumapili inatubeba kanisani. Lakini watoto wanalalamika siti ya nyuma inawaumiza, mgongo umesimama wima na hakuna pa kuegemeza kichwa. Ndugu wananiambia niwapange watoto wadogo kule nyuma kwenye godoro, watalala vizuri. Unasemaje? – Mama Nyanya, Taveta*

Dada yangu, nakusihi, usiwaweke nyuma kule. Hata kwa safari ya dakika 10, hata Jumapili, hata kama gari liko polepole. Kule hakuna mkanda. Gari likigongwa kwa nyuma, mlango ule ndio unaoingia ndani kwanza. Likifunga breki kwa ghafla, mtoto aliyelala anakuwa mzigo unaoruka. Nilimbeba mama yangu amelala kwa sababu sikuwa na njia nyingine, na dada alikuwa amemshika njia nzima. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata.

Malalamiko ya watoto wako ni ya kweli, na kosa si lako. Probox ilitoka 2002, na nyingi tunazopata ni zile zilizoandikishwa Japani kama gari la mizigo. Sheria yao inataka gari la daraja hilo sehemu ya mzigo iwe kubwa kuliko sehemu ya kukaa. Kwa hiyo waliisogeza siti ya nyuma mbele, wakaufanya mgongo wake mwembamba na wima ili ulale bapa. Ukiulaza unapata sakafu yenye urefu wa mita 1.81, na ruhusa ya kubeba kilo 400 mkiwa watu wawili. Ndizo hesabu zinazozifanya nyanya zako zifike salama. Siti ile ilikusudiwa mfanyakazi wa kampuni akae kidogo, haikuundwa kwa safari ya familia.

Kulikuwa na Probox iliyoandikishwa kama gari la abiria, yenye siti nene zaidi, lakini Toyota waliacha kuitengeneza 2013. Ukitaka kubaki na hii uliyonayo, mpelekee fundi wa viti aongeze sponji ngumu kwenye kikalio na apunguze ile ya juu ya mgongo, ili mtoto akae ameegemea kidogo. Hakikisha mikanda yote mitatu inafika na inafunga. Na kabla ya kanisa, ondoa kreti zote. Kreti tupu nyuma ya kichwa cha mtoto ni hatari kama iliyojaa.

Niseme na hili, maana linanisumbua. Ninaona Probox zikishusha watu 9, 10, kwenye vituo vya bara, dereva amekalia nusu ya siti yake. Gari lile ni zuri kupita sifa zake, na watu wanaumia ndani yake kwa sababu halikatai. Springi ikichoka wanaongeza nyingine, na gari linaendelea kukubali. Breki za mbele hazikuongezwa kitu.

*Hujambo Fundi? Sisi ni watu 8 nyumbani, pamoja na mama mkwe. Stesheni unayoisifu itatusaidia nini? – Baba Jeshi, Malindi*

Haitawasaidia, ndugu yangu. Stesheni nyingi za leo ni siti 5. Chukua Noah au Voxy ya siti 8, na kwa ajili ya mama mkwe hakikisha milango yake ya kuteleza inafunguka kwa wepesi na kidaraja chake hakijapinda. Jua tu kwamba siti za mwisho zikiwa na watu, mizigo yenu haina mahali. Itabidi iende kwenye keria ya juu au kwa basi.

*Mzee, nina yadi ndogo hapa Mombasa. Miaka 10 iliyopita kati ya magari 10 niliyouza, 4 yalikuwa stesheni. Sasa mteja akiingia anauliza la juu, na kwenye mnada wa Japani nako stesheni naziona chache. Je, niachane nazo? – Mwana Yadi*

Bwana, swali lako ni zuri kuliko yote, kwa sababu wewe uko pale mto unapoishia. Tunachokiona yadi zetu kimeamuliwa miaka mingi nyuma na watu ambao hawajawahi kusikia jina Mombasa.

Ilianzia Marekani. Familia ya pale ilikuwa na stesheni ndefu, nzito, yenye injini ya silinda 8. Mafuta yakapanda 1973. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kubana matumizi ya mafuta, na kipimo cha magari ya familia kikawa kikali kuliko kile cha magari ya daraja la malori madogo. Watengenezaji wakaona mwanya. Mwishoni mwa 1983 Chrysler wakatoa van ya familia iliyohesabiwa katika daraja la malori madogo, na baada yake yakaja magari ya juu, nayo katika daraja hilohilo. Ford Country Squire, iliyokuwa ikiundwa tangu 1950, ikakoma 1991. General Motors waliacha stesheni zao kubwa 1996. Na sheria si sababu pekee. Mtoto aliyekulia siti ya nyuma ya stesheni hakutaka kuendesha gari la wazazi wake. Akachukua van. Mtoto wake naye akaikimbia van, akachukua la juu. Ninayaona hayohayo hapa: vijana wanaoikataa Fielder ndio waliopelekwa shule nayo.

Japani ilifuata. Toyota Caldina iliisha 2007. Subaru waliacha kuuza Legacy ya stesheni kwao 2014. Nissan Wingroad ikaisha 2018, na Honda Shuttle 2022. Sisi Kenya kanuni inasema gari lililotumika lisizidi miaka 8, kwa hiyo gari likikoma kuundwa kule, kwetu nalo linahesabiwa siku. Wingroad ya mwisho kabisa haina muda tena wa kuingia.

Fielder ndiyo inayokuweka mjini. Mwaka 2019 Toyota walitoa mrithi wake, Corolla Touring, lakini Fielder ya zamani iliendelea kuundwa kwa miaka kadhaa, hasa kwa wateja wa makampuni. Hizo zitaendelea kuja, na nyingi ni nyeupe, za kazi, zenye kilomita nyingi na huduma nzuri. Usizidharau. Touring yenyewe, nyingi za mwanzo zina injini ya cc 1800. Unajua mwenyewe kwamba ushuru wa bidhaa kwetu ni nafuu kwa injini zisizozidi cc 1500, basi bei yake itamshtua mteja wa Fielder.

Usiachane nazo. Punguza idadi, chagua safi. Na mteja wa stesheni akija, mfungulie mlango wa nyuma kwanza kabla ya boneti. Wauzaji wengi wanaanza na redio na kamera. Mwache aingize mkono mpaka mwisho wa sakafu.

*Fundi, mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Hamburg. Huku stesheni ziko kila mtaa. Naweza kuja nayo nyumbani nikirudi? – Bi Lamu*

Dada yangu, Ulaya ndiko zilikobaki na heshima yake. VW Passat mpya iliyotoka 2023 inauzwa huko kwa bodi ya stesheni tu, saluni wameiacha. Lakini ya Ujerumani usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Iuze hukohuko, uje na fedha. Na Lamu mjini, unajua mwenyewe, utaiegesha Mokowe.

*Shikamoo Fundi. Mlango wa nyuma wa Caldina yangu hausimami. Tunauegemeza na mti wa ufagio. Wiki iliyopita ulianguka ukampiga mke wangu kichwani akitoa unga. Nimeambiwa nibadilishe bawaba. – Mzee wa Likoni*

Marahaba mzee mwenzangu, na mpe pole bi mkubwa. Bawaba ni nzima, usiziguse. Zilizokufa ni shoki mbili nyembamba za gesi zilizo kushoto na kulia kwa mlango. Mlango wa stesheni ni mzito, kioo na chuma, na gesi huvuja polepole mpaka siku moja hauwezi kuubeba. Kila stesheni ya umri huo inafika hapo, na mti wa ufagio nimeuona katika nusu ya magari yanayokuja kwangu. Mlango ule ukishuka juu ya kidole cha mtoto utakivunja.

Nunua shoki mbili kwa pamoja, usibadilishe moja. Peleka za zamani dukani zilinganishwe urefu zikiwa zimefunguka, na nambari iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu za saluni zitaingia lakini hazitaubeba. Mtu mmoja mwenye nguvu aushike mlango juu, asiuachie hata kidogo. Mara nyingi kwenye ncha kuna kibanio kidogo cha waya. Kiinue kwa bisibisi nyembamba, uivute shoki itoke. Unapofunga mpya, fimbo ile nyembamba ielekee chini mlango ukiwa umefungwa, ili oili ya ndani ilowanishe sili. Za zamani usizitoboe wala kuzitupa motoni, zina shinikizo kubwa hata zikionekana zimekufa.

Kisha zijaribu alfajiri, kabla jua halijapasha gesi. Fungua mlango mpaka mwisho, uuachie, uhesabu mpaka 100. Usiposhuka, mwambie bi mkubwa aende kutoa unga wake.